Majengo ya treni za mfano: kila kitu kugawanywa kwa 87

Wapenzi wa treni za mfano, kama za Miniatur Wunderland kule Hamburg, Ujerumani, hutumia zaidi kipimo kiitwacho HO: kila kitu hupunguzwa mara 87. Stesheni ya mita 8.7 inakuwa sentimita 10. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 24. Ukikatwa milimita 35, abiria aliyesimama hapo ataonekana mtoto.

Kuta ni kadibodi, plastiki au mbao nyembamba, hilo ni jepesi. Ugumu, kwa maoni yetu, uko kwenye kuchakaza. Jengo likibaki linang'aa, ni la kuchezea tu. Kwa hiyo unga wa chaki nyeusi hupakwa kwenye bomba la moshi uwe masizi, na rangi ya kutu hushushwa kwenye bati, palepale maji ya mvua yangepita.