Kabati la Michezo na Safari Yake Kutoka Baa Hadi Sebuleni

Mwanahistoria hadharau vitu vya mchezo. Bao, tiara, karata na ngoma vimetufundisha mengi juu ya watu waliovitumia, pengine zaidi ya panga na majumba ya wakubwa. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo kimoja cha mchezo kilichozaliwa Marekani na kulelewa Marekani na Japani. Chombo hicho ni kabati la michezo ya sarafu, yaani sanduku la mbao lenye kimo cha mtu mzima, ambalo ndani yake mna kioo cha picha kama cha televisheni, na mbele yake pana vijiti na vitufe vya kuchezea. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akacheza, akashindwa, akatumbukiza nyingine.

Siku hizi makabati hayo yanunuliwa na watu binafsi na kuwekwa majumbani. Kwa nini mtu mzima atoe fedha zake kununua mashine iliyokwisha kupitwa na wakati? Na akiisha kuinunua, akabadilisha vipuri vyake kimoja baada ya kimoja, je, bado anayo mashine ile ile? Swali hili la pili lamhusu kila mtu anayehifadhi cha kale, na sisi walimu wa lugha tumo miongoni mwao.

Asili yake

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Steve Russell pamoja na wenzake walitunga mchezo ulioitwa Spacewar, wakautia katika kompyuta ya aina ya PDP-1. Kompyuta hiyo ilikuwa na bei ya dola 120,000, kwa hiyo mchezo haukuweza kutoka nje ya vyuo na maabara. Mnamo Septemba 1971, Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka katika Chuo Kikuu cha Stanford mashine waliyoiita Galaxy Game, ambayo mtu aliicheza kwa senti 10. Lakini nayo ilitegemea kompyuta ya bei kubwa, na haikuweza kuenea.

Mwaka huo huo, Nolan Bushnell na Ted Dabney walipata njia nyingine. Waliacha kompyuta kabisa, wakaunganisha saketi ndogo ndogo za bei nafuu zilizoweza kufanya kazi moja tu, nayo ni kuuendesha mchezo wenyewe. Mashine yao, Computer Space, ilitengenezwa na kampuni ya Nutting Associates, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kuuzwa kibiashara. Mwaka 1972 mabwana hao wawili walianzisha kampuni ya Atari, na mhandisi wao Allan Alcorn akaunda mchezo wa Pong, ambao ni vijiti viwili vinavyopigiana mpira kiooni.

Pong ya kwanza iliwekwa katika baa iliyoitwa Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi Alcorn aliitwa aende kuitazama kwa sababu imekataa kufanya kazi. Alipoifungua aliona kwamba haina ubovu wowote, ila chombo cha sarafu kimejaa hadi kufurika. Jambo moja zaidi lafaa likumbukwe: kioo cha mashine hiyo kilikuwa televisheni ya kawaida iliyonunuliwa dukani. Basi tangu mwanzo kabati hili lilikuwa na damu ya nyumbani. Televisheni ya sebuleni ilikwenda baa, na baada ya miaka mingi kabati la baa likarudi sebuleni.

Kukua na kupungua

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitunga Space Invaders. Huko kwao mashine nyingi za mchezo huo zilikuwa na umbo la meza, zikawekwa katika migahawa ya kahawa, watu wakicheza huku vikombe vyao viko juu ya kioo. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alitoa Pac-Man, mchezo usio na vita, aliokusudia uwavutie wanawake pia. Kampuni ya Midway ilitengeneza karibu makabati 100,000 ya mchezo huo kwa ajili ya Marekani.

Habari ya mwaka 1981 yastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Nintendo ilikuwa imepeleka Marekani makabati ya mchezo wa Radar Scope, na mengi yakabaki ghalani bila wanunuzi. Kijana mmoja, Shigeru Miyamoto, alipewa kazi ya kutunga mchezo mpya utakaotiwa ndani ya makabati hayo hayo. Akatunga Donkey Kong. Mafundi wakang'oa vya zamani, wakatia vipya, na mashine zilizokuwa mzigo zikageuka kuwa mali. Makabati hayo ya mwanzo yalikuwa mekundu. Yaliyofuata yakawa ya buluu. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wayasaka yale mekundu kuliko mengine. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kuanzia mwaka 1983 biashara ya michezo ilianguka vibaya nchini Marekani. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani kilipatanisha kanuni ya plagi moja yenye njia 56, iitwayo JAMMA. Tangu hapo mwenye baa aliweza kutoa bodi ya mchezo mmoja na kuchomeka ya mwingine bila kununua kabati jipya. Kanuni hii iliokoa fedha za wengi, lakini iliharibu historia kwa kiasi fulani, kwani makabati mengi ya zamani yalipakwa rangi upya na picha zao zikafutika. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilirudisha umati wa watu, lakini si kwa muda mrefu. Mashine za kuchezea nyumbani zilizidi kupata nguvu, na makabati yakaishia ghalani, jalalani, au mikononi mwa watu waliokuwa wameyapenda utotoni.

Kununua

Mnunuzi wa leo ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua kabati la asili. Ya pili ni kununua lililotengenezwa upya viwandani. Kwa mfano, mwaka 2018 kampuni ya Arcade1Up ilianza kuuza Marekani makabati yenye robo tatu ya kimo cha yale ya zamani, yenye vioo vyembamba vya kisasa. Ya tatu ni kujenga mwenyewe, au kumpa seremala kazi hiyo, kisha kutia ndani kompyuta yenye programu inayoiga bodi za zamani. Programu mashuhuri ya namna hiyo ni MAME, iliyotolewa mwaka 1997 na Nicola Salmoria wa Italia.

Anayenunua la asili hana budi kulikagua kama anunuaye ng'ombe, kwa kuanzia miguuni. Mengi yamejengwa kwa plaiwudi au chipbodi, na yakisimama katika maji mbao za chini huvimba na kumeguka. Kisha atazame kioo mashine ikiwa imezimwa: mchezo ulioonyeshwa miaka mingi bila kupumzika huacha kivuli chake katika neli ya picha, na kivuli hicho hakifutiki. Halafu aiwashe na kuiacha iwake kwa muda wa kutosha, kwa sababu ubovu mwingine hujificha hadi vyuma vipate joto. Mwisho afungue mlango wa nyuma, aone kama betri ya bodi imevuja, maana maji ya betri hula njia za shaba kama mchwa walavyo nguzo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kabati la bei ya chini huenda likadai vipuri vya bei ya juu.

Kwa wakazi wa nchi zetu lipo jambo jingine. Kabati lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutarajia umeme wa volti 120, na la Japani volti 100, ilhali kwetu umeme ni wa volti 220 hadi 240. Atakayelichomeka bila transfoma inayofaa atasikia harufu ya moshi kabla hajausikia muziki wa mchezo.

Kutunza

Kazi ya utunzaji ni ya aina mbili. Ya kwanza yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira: kupangusa vumbi, kuzuia panya na mchwa, kusafisha miguso ya vitufe, kubadilisha vijiti vilivyolegea, na kuliweka kabati mbali na jua ili picha zake zisipauke. Ya pili ni ya fundi aliyefunzwa. Neli ya picha hufanya kazi kwa maelfu mengi ya volti, na umeme huo huweza kubaki ndani yake hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiyejua namna ya kuutoa asiiguse.

Katika miji yetu walikuwako, na baadhi yao bado wako, mafundi wa televisheni za zamani waliojua kazi hiyo barabara. Walijua kupima transfoma ya volti kubwa na kubadilisha kapasita zilizokauka. Ujuzi huo ndio unaotafutwa na wenye makabati huko Marekani na Ulaya, kwa kuwa viwanda vikubwa vimeacha kutengeneza neli za picha. Neli ikivunjika, hapana budi kutafuta nyingine iliyotumika. Fundi mzee akifariki bila mwanafunzi, pengo lake halina duka la kulizibia.

Mfano mkali kuliko yote ni bodi za Capcom zilizoitwa CPS-2, zilizoanza kutumika mwaka 1993. Ili kuzuia wizi, michezo yake iliandikwa kwa maandishi ya fumbo, na ufunguo wa fumbo ukahifadhiwa katika kumbukumbu iliyotegemea betri. Betri ilipokwisha, ufunguo ulipotea, na bodi ikafa ingawa hakuna kilichovunjika. Mwaka 2007 fumbo hilo lilifumbuliwa kikamilifu na wapenzi wa michezo, na baadaye ikapatikana njia ya kuurudisha ufunguo katika bodi zilizokuwa zimekufa. Waliookoa bodi hizo walikuwa watu waliokataa kukubali kwamba kitu kikikosa faida kimekosa na thamani.

Je, ni kile kile?

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wasemao kwamba kabati likitolewa neli yake ya asili na kutiwa kioo cha kisasa, limekwisha kuwa jingine. Wengine wasema kwamba mchezo ukichezeka, hayo mengine ni mapambo. Kila upande una sehemu ya haki. Lakini ushahidi wa Donkey Kong waonyesha kwamba wote wawili wameliweka swali vibaya. Kabati jekundu lithaminiwalo leo kama la asili kabisa lilikuwa, siku lilipozaliwa, kabati lililogeuzwa. Jahazi linalobadilishwa ubao mmoja kila mwaka huendelea kuitwa kwa jina lile lile, maadamu wapo mabaharia waliokuwamo kabla na baada ya kila ubao. Kinachohifadhi uasili ni kumbukumbu ya mabadiliko. Kwa hiyo nashauri kwamba kila mwenye kabati awe na daftari, aandike amebadilisha nini, lini na kwa nini, na vipuri alivyovitoa avihifadhi katika kisanduku. Kabati lisilo na daftari huwa fanicha tu.

Nasi walimu twaweza kuichukua njia hiyo darasani. Lugha yetu nayo imebadilishwa mbao zake mara nyingi ikabaki Kiswahili. Katika sentensi fupi, “Tia sarafu katika kabati lililo karibu na meza,” twakuta sarafu iliyotoka Kiarabuni, kabati lililotoka Kiingereza na meza iliyotoka Kireno, na sarufi inayoyaunganisha yote ni ya Kibantu. Hatuna sababu ya kuogopa kuvieleza vyombo vya kigeni kwa maneno yetu.

Yafaa basi wanafunzi wapewe zoezi la kuchagua chombo kimoja cha zamani kilichomo nyumbani kwao, kama vile redio, cherehani, baiskeli au taa ya karabai, wamwulize mwenyewe kilinunuliwa lini, kimetengenezwa na fundi gani na vipuri gani vimebadilishwa, kisha waandike historia yake katika kurasa mbili. Fundi aliyekitengeneza akiwa bado hai, waanze kwake.