Ubuyu wa Ugogo na "Chakula Kipya" cha Ulaya

Watoto wetu wa hapa Edgbaston wanaujua ubuyu kwa rangi: ule mwekundu wa Zanzibar, wenye sukari na iliki. Wa kwetu Dodoma ni mweupe, na historia yake ni ndefu kuliko ya Uhuru tunaousherehekea.

Ugogo ni nchi kame. Mvua ina msimu mmoja, na mwaka mwingine haitoshi. Bibi zetu wakajifunza kuweka akiba ya vitu vya porini. Mlenda ulichumwa wakati wa mvua, ukaanikwa, ukatwangwa, ukangoja kiangazi. Siku ya kupikwa ulitiwa magadi na karanga, ukaliwa kwa ugali wa uwele. Buyu lilipasuliwa, likatwangwa taratibu kinuni ili unga uachane na mbegu, kisha likachekechwa. Unga ule ulitiwa kwenye uji wa watoto. Mbegu nazo hazikutupwa: zilikaangwa na kusagwa, maana zina mafuta.

Ujuzi huo ulipata mtihani mkubwa wakati wa Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Maelfu walikufa. Chakula cha porini kikawa tegemeo la waliobaki. Pengine ndiyo maana wazee wengine hawapendi kukitaja mbele ya wageni.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, hukohuko Ugogo, ili nchi hii ipate mafuta ya kula. Matingatinga yaling'oa vichaka na mibuyu. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Walikuwa wakitafuta mafuta huku wanaangusha mti wenye mbegu za mafuta! Hatudai kwamba ubuyu ungetosha kuilisha London. Ila kinu kilikuwa jirani.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado mwanachama, uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe. Sheria yao iliita "kipya" chakula chochote ambacho hakikuliwa sana Ulaya kabla ya 15 Mei 1997. Kibali chenyewe kinaeleza unavyotayarishwa: ganda linapasuliwa, unga unatengwa na mbegu, unasagwa, unachambuliwa mwembamba na wa chengachenga. Ni kazi ileile ya bibi, bila bibi kutajwa. Leo unauzwa humu nchini katika vifuko vidogo, kwa bei ya kushtua.

Tarehe 9 Desemba mlenda utakuwapo mezani, na ubuyu mweupe pia. Watoto watakaouliza vinatengenezwaje wapelekwe kwa akina mama jikoni. Kinu tumekipata.