Dakika kumi gizani: sinema za shuleni zilizopigana na pombe

Mwaka 1955, mwalimu wa sekondari nchini Marekani aliyetaka kuwaonya wanafunzi wake kuhusu pombe hakulazimika kuhangaika na hotuba. Aliagiza mkanda. Mapazia yalishushwa, mvulana hodari wa mitambo akaupitisha mkanda wa milimita 16 kwenye meno ya projekta, taa zikazimwa, na msimulizi mwenye sauti nzito akaanza kuwaeleza vijana yatakayowakuta wakionja bia.

Sinema nyingi za aina hiyo zilikuwa za dakika kumi hivi. Mkanda wa kawaida ulikuwa na urefu wa futi 400, na futi 400 zenye sauti huisha kwa dakika 11. Humo ndimo ilipaswa kuenea hadithi nzima ya kijana, kuanzia glasi ya kwanza hadi gerezani au kaburini. Ndiyo maana wahusika wake huharibikiwa upesi kiasi kile. Kijana anakunywa Ijumaa kwa kushawishiwa na wenzake, na kabla mtazamaji hajamzoea sura, tayari anaiba ili apate ya kununulia chupa.

Mafunzo yenyewe ni ya zamani kuliko sinema. Mary Hunt, kiongozi katika chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi, alizunguka mabunge ya majimbo akidai somo la madhara ya pombe liwe la lazima, na mwanzoni mwa karne ya 20 kila jimbo lilikuwa na sheria hiyo. Wapo walimu waliotumbukiza bongo la ndama kwenye mtungi wa kileo, darasa likalitazama likikakamaa na kubadilika rangi. Kisha pombe yenyewe ikapigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920, marufuku ikashindwa, na mwaka 1933 ikafutwa. Baada ya aibu ile, mhubiri wa kupinga pombe hakusikilizwa tena kama zamani.

Pengo hilo lilijazwa na wanasayansi. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, E. M. Jellinek akiwa miongoni mwao, waliusoma ulevi kama ugonjwa badala ya dhambi. Wakati huohuo jeshi la Marekani lilikuwa likifundisha askari wake wa Vita Kuu ya Pili kwa sinema, na vita vilipokwisha shule nazo zikaipokea njia hiyo kwa pupa. Encyclopaedia Britannica, wale wa kamusi elezo, walikuwa na kampuni yao ya filamu, na mwaka 1949 walitoa Alcohol and the Human Body, sinema iliyoeleza jinsi kileo kinavyofanya kazi mwilini. Inatulia, haipigi kelele, na mpaka leo inaheshimika.

Sid Davis wa Los Angeles alikuwa na mwendo mwingine kabisa. Kazi yake Hollywood ilikuwa kusimama mahali pa mwigizaji John Wayne wakati taa na kamera zikitengenezwa, na ni Wayne huyohuyo aliyempa dola 1,000 atengeneze sinema yake ya kwanza ya kuwatahadharisha watoto, mwaka 1950. Baada ya hapo Davis alitoa zaidi ya 150, nyingi kwa fedha kidogo sana. Katika Alcohol Is Dynamite, wavulana wawili wanamfuata mtu mzima wamsihi awanunulie pombe. Bahati yao, mtu huyo ni mwandishi wa habari za michezo ambaye pombe ilishamtesa akaiacha. Badala ya chupa anawapa kisa cha vijana watatu walioanza kama wao. Kwa Davis hakuna kosa dogo, wala mtu hakosei mara moja akarudi nyumbani salama.

Huko Mansfield, Ohio, hawakuhitaji hata waigizaji. Mwaka 1959 Highway Safety Foundation ilitoa Signal 30, iliyopewa jina la ishara ya redio ya polisi kwa ajali yenye kifo. Picha zake ni za ajali halisi, na walioonekana ndani ya mabati yaliyokunjamana walikuwa watu halisi. Haikuhusu pombe peke yake, lakini ilionyeshwa kwa kizazi kizima cha vijana waliokuwa wakijifunza udereva. Naelewa hasira iliyo nyuma ya picha zile, maana askari aliyechoka kuokota vijana barabarani ana haki ya kutaka wenzao waone. Ila kumwonyesha mtoto maiti si sawa na kumfundisha, na nadhani walimu wengi walilijua hilo hata wakati ule.

Sinema ninayoiona bora kuliko zote haina damu. Inaitwa What About Drinking?, ya mwaka 1954, kazi ya kampuni ya Centron ya mjini Lawrence, Kansas. Vijana wanabishana: huyu haoni ubaya wowote, yule hataki hata kusikia, mwingine yuko katikati. Mtazamaji anangoja mtu mzima aingie akate shauri, lakini haingii. Sinema inakwisha kwa swali, projekta inazimwa, na mwalimu anabaki na darasa lenye mambo ya kusema. Kampuni ileile ilitoa sinema kadhaa za namna hiyo, kuhusu kudanganya katika mtihani na mengineyo. Ilihitaji moyo kumwamini kijana kiasi hicho, tena katika miaka ambayo watu wazima walikuwa wamezoea kutoa amri.

Hata hivyo nyingi kati ya sinema hizo zina kasoro moja kubwa: lawama yote inamwangukia mtoto. Mwenye kiwanda cha bia haonekani. Matangazo yake, yaliyokuwa yakiingia sebuleni kila jioni kwa televisheni, hayatajwi. Mzazi anayekunywa mbele ya wanawe anapitiwa haraka. Nyumba ilionyeshwa vizuri mwaka 1975, pale kituo cha NBC kiliporusha Sarah T., filamu ya televisheni ambamo Linda Blair aliigiza binti wa miaka 14 aliyezama kwenye ulevi huku familia yake ikiwa haioni.

Wakati huo sheria zilikuwa zimelegea. Baada ya umri wa kupiga kura kushushwa hadi miaka 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalishusha na umri wa kununua pombe. Vijana wakazidi kufa barabarani, wazazi waliofiwa wakapaza sauti, na mwaka 1984 Rais Reagan akatia saini sheria iliyolikata sehemu ya fedha za barabara jimbo lolote lisiloweka umri wa miaka 21. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali, na vifo vya vijana barabarani vilipungua. Sinema za miaka yote ile hazina ushahidi wa namna hiyo wa kujivunia.

Kanda za video zilipoenea, shule nyingi zilizitupa filamu zao. Mkusanyaji Rick Prelinger alianza kuziokota mwaka 1982, na mwaka 2002 mkusanyo wake ulichukuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Sehemu yake inatazamwa bila malipo kwenye intaneti. Mwalimu mwenzangu anayetafuta namna ya kulianza somo hili na wanafunzi wake aitafute ile ya Centron, na swali la mwisho likishaulizwa, awaache wao waseme kwanza.