Panya wa Kyoto

Mwaka 1963, Kozo Okamoto na Kyuzo Aoki wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walitangaza ukoo mpya wa panya wa maabara. Walikuwa wameanza na dume mmoja wa jamii ya Wistar ambaye presha yake ilikuwa juu kuliko ya wenzake. Wakamkutanisha na jike mwenye presha iliyozidi kidogo, kisha wakawazalisha watoto wao kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, wakichagua kila mara wale ambao kipimo cha mkiani kilisoma juu zaidi. Mwishowe wakapata panya wasiohitaji chumvi, dawa wala upasuaji ili waugue. Walipokua, presha ilipanda yenyewe. Wakaitwa SHR.

Walipofika katika maabara za nchi nyingine, watafiti waliona jambo jingine. Panya hawa hawatulii. Ukiwaweka mahali pageni wanazunguka, wanasimama, wanazunguka tena, kuliko ndugu zao wa WKY, wenye presha ya kawaida. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba mhangaiko na presha ni kitu kimoja.

Edith Hendley, wa Chuo Kikuu cha Vermont nchini Marekani, hakuridhika. Alichanganya SHR na WKY, halafu akachagua upya miongoni mwa uzao wao. Mwaka 1991, yeye na mwenzake walieleza koo mbili mpya: mmoja una mhangaiko bila presha ya juu, mwingine una presha ya juu bila mhangaiko. Tabia na ugonjwa vilikuwa vimesafiri pamoja tangu Kyoto, lakini vingeweza kutenganishwa. Isitoshe, WKY wenyewe ni wapole kupita kiasi, hata wengine huwatumia kuchunguza sonona. Ukisimama karibu na mtu aliyeduwaa, kila hatua yako itaonekana mbio.

Nasoma shahada ya uzamili, na historia hii imenigusa kwa sababu ya nyumbani. Kwetu, mtu akikutwa na presha, swali la kwanza ni nani kamuudhi. Mama yangu mkubwa ameambiwa kwa miaka mingi kwamba hasira zake ndizo zilizomletea ugonjwa. Basi akajifunza kunyamaza kwenye vikao vya ukoo, hata shamba lake linapojadiliwa, na siku alizonyamaza vizuri aliona hana haja ya kumeza vidonge.

Panya si binadamu, na ni kweli hasira huinua presha kwa muda. Lakini Hendley alionesha kwamba vitu viwili kukaa katika mwili mmoja hakutoshi kukifanya kimoja kuwa chanzo cha kingine. Mama mkubwa naye bado ana presha, ingawa amenyamaza. Kilichopotea ni neno lake kuhusu shamba.