Unene uliokithiri nchini Tanzania

Unene uliokithiri, au kiribatumbo, ni hali ya mwili kulimbikiza mafuta kiasi cha kuhatarisha afya. Kwa mtu mzima, kilo za uzito hugawanywa kwa mraba wa kimo chake katika mita: jibu likifika 25 uzito umezidi, likifika 30 ni kiribatumbo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 walioishi na hali hiyo duniani walizidi bilioni 1. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa za afya zilikuta wanawake wa miaka 15–49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wakiwa asilimia 28 mwaka 2015/16, na asilimia 36 mwaka 2022.

Lawama hupewa uvivu, lakini anayeamka saa kumi alfajiri Mbagala, Dar es Salaam, kuwahi daladala si mvivu. Ni kwamba siku yake nzima ni ya kukaa: kwenye kiti cha gari, kwenye genge, nyuma ya cherehani au juu ya bodaboda. Mlo wake anaupata njiani, nao ni chapati na chai ya sukari nyingi asubuhi, chipsi mayai na soda usiku. Nyumbani sembe iliyokobolewa imechukua nafasi ya dona, na mafuta ya kupikia, mengi yakiwa ya mawese kutoka ng'ambo, humiminwa bila kipimo. Matunda yapo sokoni, ila hayashibishi kama chipsi kwa bei ileile.

Mila nazo zina sehemu yake. Kitambi kilihesabiwa dalili ya kufanikiwa, na mama aliyejifungua hulishwa mtori na uji mpaka anawiri. Miaka ya UKIMWI iliongeza jingine: aliyekonda alinong'onwa, hivyo kunenepa kukawa ushahidi wa uzima.

Athari huonekana kwanza kliniki, kwa kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na kiharusi. Kisha hushuka kwenye familia. Kiharusi kikimpata mlezi, mapato hukatika na binti au mke huacha biashara kumuuguza. Figo zikishindwa, usafishaji wa damu hufanywa kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na wananchi wengi hawana bima. Wakati huohuo, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaweza kula chungu kimoja, kwa kuwa chakula kilichojaa wanga na mafuta humnenepesha mtu mzima bila kumpa mtoto protini na madini.

Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, huweka puto tumboni kupunguza ulaji. Gharama yake haiko karibu na kipato cha muuza genge. Yeye hufikiwa na wauzaji wa chai za kukata kitambi, wanaomuuzia ahadi kwa simu.