Operesheni Kigoma: Amri Iliyokosa wa Kuipinga

Mwaka 1972 mambo matatu yaliifikia milima ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, kwa kufuatana. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wa Burundi walianza kuvuka mpaka wakikimbia mauaji yaliyotapakaa kwao. Tarehe 1 Julai serikali ilianza kutekeleza mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa nchi nzima. Na mwaka huohuo ikaanza Operesheni Kigoma, ambayo iliwatoa Waha kwenye makazi yao ya milimani na kuwapanga vijijini kandokando ya barabara.

La wakimbizi limeandikwa sana. La operesheni linakumbukwa na kila mzee wa Uha, nchi ya Waha, aliyekuwa na akili timamu wakati ule. La halmashauri kuvunjwa limesahaulika, lakini bila hilo la operesheni halieleweki. Amri ya kuwahamisha watu ilipofika, vyombo ambavyo mkulima angeweza kuvikimbilia ili aseme hapana vilikuwa vimeshaondolewa, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kwa sheria iliyopitishwa kihalali.

Tuanze nyuma kidogo. Waha hawakuwa watu wa kukaa kwa kubanana. Kaya ilijenga mlimani, migomba ikaizunguka nyumba, mihogo na maharage vikateremka hadi karibu na bonde, na jirani akawa umbali wa kuitana. Juu yao walikuwapo bami, watawala wa Heru, Buyungu, Muhambwe na falme nyingine za Uha. Lakini mwami hakuwa na kila kitu mkononi. Masuala ya udongo, nani akae wapi na kwa idhini ya nani, yalikuwa ya abateko, walinzi wa ardhi ambao mamlaka yao yalitokana na mizimu ya mahali penyewe, si na ikulu ya mwami. Siusifu mfumo ule kupita kiasi, maana mwenye ng'ombe alimtumikisha asiye nao. Ila ulikuwa na hekima moja: anayetawala watu na anayegawa ardhi hawakuwa mtu mmoja.

Serikali ya Waingereza ndiyo ya kwanza kuuvunja utaratibu huo kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 malale yaliwaua watu wengi mashariki ya Uha, na dawa ya serikali ikawa kuwakusanya watu katika makazi makubwa, wafyeke pori kwa pamoja na mbung'o akose kivuli. Kazi hiyo ilisimamiwa kitaalamu na Daktari George Maclean, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini aliyehamishwa hakuulizwa, na maeneo yaliyoachwa hayakubaki kumsubiri mwenyewe. Pori liliyameza na mbung'o wakaongezeka. Sehemu kubwa ya nyika ile ya mashariki ya Kibondo leo ni pori la akiba la Moyowosi. Kwa hiyo operesheni ya 1972 iliwakuta wazee waliokwisha kuhamishwa mara moja wakiwa watoto, nao waliijua sauti ya serikali inayosema inawahamisha kwa faida yao.

Uhuru ulikuja na matumaini makubwa, na mimi ni katika wanaoamini kwamba matumaini yale yalikuwa ya haki. Ila tazama mfuatano wa sheria. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kesi. Mwaka huohuo wakuu wa mikoa na wa wilaya walipewa uwezo wa kumweka mtu ndani kwa saa 48. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na bami wakaondoka madarakani. Wengi hawakuwalilia, lakini nafasi yao ilijazwa na mteuliwa kutoka Dar es Salaam. Katiba ya Muda ya 1965 ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja, bila sura ya haki za binadamu inayoweza kudaiwa mahakamani. Wapiga kura wa Kasulu, kama wenzao wa Bara yote, walichagua kati ya wagombea wawili wa chama hicho, TANU, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Uchaguzi ule ulikuwa na ushindani wa kweli, na mawaziri walianguka. Lakini mbunge aliyechaguliwa angeweza kuvuliwa na chama. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU, akiwamo Joseph Kasella-Bantu, wakapoteza viti vyao. Hata baadaye, mwaka 1973, wabunge walipoukataa muswada wa kodi ya mapato, waliambiwa Bunge litavunjwa. Muswada ukapita.

Zilizobaki ni halmashauri za wilaya. Hizi hazikuwa malaika. Nyingi zilikuwa na deni, na mwaka 1969 serikali kuu ilikwisha kuzinyang'anya kodi yao kubwa, kisha ikazilaumu kwa kukosa fedha. Hata hivyo diwani alikuwa mtu wa hapohapo. Alizikana na watu wa kata yake na kuoa kwao, na kama amekosea alijua atakutana nao kilabuni. Madaraka Mikoani yalimwondoa diwani huyo na kumleta Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, mtumishi aliyeajiriwa, aliyehamishwa na kupandishwa cheo na walioko juu yake. Mpango wenyewe ulichorwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Jina liliahidi madaraka kushuka mikoani. Kilichoshuka ni maofisa.

Katika hali hiyo, mkuu wa mkoa akitaka watu wahamie vijijini kabla ya mvua, nani angemwambia asubiri? Mwami hayupo, diwani hayupo, mbunge anaogopa chama, mahakama haina Hati ya Haki ya kusimamia, na mbishi anaweza kulala ndani siku mbili bila mtu kuulizwa. Miaka ya nyuma Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika kwamba vijiji vya ujamaa ni vya hiari. Mwaka 1969 chama kilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanachama wake walikuwa wameingia vijijini kwa hiari hasa, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hiari haitakiwi tena. Rufiji ilikwisha kupangwa, Dodoma ikafuata, kisha Kigoma. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Kasulu na Kibondo walikuwa wameshaionja.

Kwa mtu wa mjini, kuhama kunaweza kuonekana ni kubeba godoro na masufuria. Mkulima wa Uha anahama na nini? Migomba inastawi kuzunguka nyumba kwa sababu nyumba ndiyo inayoilisha: majivu ya jikoni, maganda, samadi ya mbuzi, takataka za kila siku. Ukiiondoa nyumba, shamba la migomba linaanza kufa njaa hata kama hakuna aliyeligusa. Mgomba mpya uliopandwa kwenye kiwanja kilichopimwa kando ya barabara, kwenye udongo usiojua mbolea, unachukua mwaka na zaidi kabla ya kutoa mkungu, na mkungu wenyewe mdogo. Mihogo iliyoachwa ardhini ingesaidia, lakini mihogo bila mlinzi ni ya nguruwe pori na nyani. Shamba la zamani likawa safari. Mama aliyekuwa akitoka mlangoni na kuchimba chakula cha jioni sasa alitembea saa nzima au mbili, akirudi na kikapu kichwani na mtoto mgongoni, na kesho yake tena. Nguvu iliyopotea njiani ilikuwa nguvu ya kupalilia.

Nani aliyapima hayo? Ofisa mwenye kamba alipima umbali wa nyumba na barabara. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya mafanikio, kwa kuwa ripoti ilihitaji idadi ya waliohamia. Halmashauri ya madiwani, hata ile mbovu, ingekuwa na mtu wa kuuliza vijiji hivi vitakula nini msimu ujao na maji yako wapi. Swali la namna hiyo halikuwa na kikao cha kuulizwa.

Sitaki kuificha faida. Shule zilijengwa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote ilifika vijiji ambavyo watoto wake wasingeiona. Zahanati na visima vilifika baadhi ya mahali. Ukipita leo Makere, Nyakitonto au Kifura ukaona watoto wenye sare wakienda shule iliyo karibu, sehemu ya hilo inatokana na watu kukaa pamoja. Lakini sijaona hoja inayoonyesha kwamba shule ile ilihitaji mgambo wa kuwahamisha watu kwa nguvu. Zahanati iliyojengwa mahali pazuri huvuta watu yenyewe.

Sheria ilikuja baada ya kitendo. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilipitishwa mwaka 1975, watu wakiwa wameshahamishwa. Kijiji kilihitaji kaya zisizopungua 250, na halmashauri ya kijiji ilikuwa na wajumbe 25. Mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa ili kutamka kwamba chama ndicho chenye kauli ya mwisho. Mkulima wa Kibondo mwenye lalamiko dhidi ya kijiji alilipeleka kwa mtu yuleyule aliyekuwa akimlalamikia.

Kisha uchumi. Mwaka 1974 na 1975 nchi iliagiza nafaka kutoka nje kwa mamia ya maelfu ya tani. Ukame ulikuwapo, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, kwa hiyo si haki kuibebesha operesheni lawama yote. Ila nchi iliyohamisha wakulima wake kati ya mavuno na mvua haiwezi kujitoa kabisa katika lawama hiyo. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakawa ya mamlaka na mashirika ya serikali. Mahindi na maharage yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Mnunuzi mmoja, bei moja, na lori linalokuja linapopata mafuta. Mkulima aliyeshindwa kuingoja fedha yake hakuwa na ushirika wa kusimama nao, wala ruhusa ya kuuza kwingine. Kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali kulikuwa kosa, na vizuizi barabarani viliwekwa kulinda hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya foleni kwenye duka la kaya. Watu wa Kasulu na Kibondo waliangalia upande mwingine, kwenye mpaka. Kwa njia za Manyovu na Mabamba maharage yalivuka kwenda Burundi na sabuni ikarudi. Kwa serikali hiyo ilikuwa magendo. Kwa mama aliyekuwa na maharage na hana sabuni, ilikuwa soko la pekee lililolipa siku hiyohiyo. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria maalumu dhidi ya wahujumu uchumi, na mahakama maalumu ikaundwa nje ya mahakama za kawaida, huku watu wakiwa wameshaanza kukamatwa kabla ya sheria yenyewe kuwapo. Kwa mara nyingine amri ilitangulia na sheria ikaifuata.

Inafaa kumtendea haki Mwalimu hapa. Mwaka 1984, katika mahojiano, alikiri kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ushirika ulirejeshwa kwa sheria ya 1982, na halmashauri za wilaya zikarudi kufanya kazi 1984. Mwaka huohuo wa 1984 Hati ya Haki iliingizwa kwenye Katiba, ingawa wananchi walizuiwa kuidai mahakamani hadi 1988.

Walipoanza kuidai, operesheni za vijiji zilifikishwa mahakamani. Mkulima mmoja wa Arusha, Lohay Akonaay, na mwanawe walikuwa wamepoteza shamba wakati wa kuhamishia watu vijijini, wakalidai kortini. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzifunga kesi kama yao. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akisoma hukumu, ilisema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kumnyima mtu mlango wa mahakama ni kuivunja Katiba hiyo. Uamuzi ule ulikuja miaka 22 baada ya malori ya kuhamisha watu kufika Kasulu, wakati wengi waliohamishwa walikuwa wameshazikwa kwenye viwanja vya barabarani.

Nao haukuwarudishia ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliuhalalisha ugawaji uliofanywa wakati wa operesheni, ili nchi isirudi kwenye kesi zisizo na mwisho. Naielewa sababu hiyo. Familia mbili, iliyopokonywa na iliyopewa, zote zina wajukuu leo. Lakini kizuizi cha saa 48 hakina sababu ya namna hiyo. Kilihamishwa kutoka sheria za 1962 hadi Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, na mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya bado wanacho. Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya muda huo au aachiwe. Mawakili na watetezi wa haki za binadamu wamekuwa wakilalamika kwamba kinatumika kwa watumishi waliochelewa kazini, kwa wanasiasa wa upinzani na kwa wananchi waliouliza swali mkutanoni. Bunge linaweza kukifuta katika kikao kimoja.