RINEX: fomati iliyopatanisha vipokezi vya GPS

Katika miaka ya 1980, mpima ardhi aliyetaka usahihi wa sentimita kwa GPS alihitaji walau vipokezi viwili vinavyonasa setilaiti zilezile kwa wakati mmoja. Vipimo vyake vilichakatwa pamoja, na makosa yaliyovikumba vyote viwili yakafutana. Hesabu hiyo ilikuwa na sharti moja gumu: data za vipokezi vyote zisomeke na programu moja.

Sharti hilo halikutimizwa kirahisi. TI 4100 ya Texas Instruments, Macrometer V-1000 iliyotoka mwaka 1982, na vipokezi vya Trimble, Ashtech na Wild vilivyofuata, kila kimoja kilihifadhi vipimo kwa mpangilio wake wa ndani, ambao programu ya kampuni nyingine haikuweza kuufumbua. Aliyenunua mashine alikuwa amenunua na programu yake, na aliyeazima kipokezi cha chapa nyingine alirudi ofisini na data asizoweza kuunganisha na zake.

Tatizo lilifika shingoni mwaka 1989. Wapimaji wa nchi za Ulaya Magharibi walipanga kampeni ya EUREF 89, ya kuweka mtandao mmoja wa alama za upimaji barani humo, kwa vipokezi zaidi ya 60 kutoka kwa watengenezaji wanne. Werner Gurtner, wa Taasisi ya Astronomia ya Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliandaa pamoja na wenzake fomati ya kubadilishana data isiyofungamana na kipokezi chochote. Ikaitwa RINEX. Toleo la kwanza lilikubaliwa Machi 1989 katika mkutano wa kimataifa huko Las Cruces, New Mexico, na la pili likafuata mwaka 1990 huko Ottawa, Kanada.

Kwa sura, RINEX ni faili la maandishi matupu. Juu kuna kichwa chenye jina la alama, aina ya kipokezi na antena, na kimo cha antena kutoka kwenye alama. Chini yake ni safu za tarakimu. Mstari haukuzidi herufi 80, upana uleule wa kadi za kutoboa za kompyuta za kale. Jina la faili nalo lilibanwa na mfumo wa kompyuta wa MS-DOS, ulioruhusu herufi nane, nukta, kisha tatu: nne za kituo, tatu za siku ya mwaka, moja ya kipindi cha upimaji, na baada ya nukta tarakimu mbili za mwaka pamoja na herufi ya aina ya data.

Lakini maandishi kusomeka ni jambo dogo. Kazi kubwa ilikuwa kuafikiana juu ya maana ya kipimo chenyewe. Kipokezi hupima umbali hadi kwenye setilaiti kwa msimbo wa mawimbi, hupima fezi ya wimbi linaloubeba msimbo huo, na huandika saa ya kupima. Saa ya kipokezi huyumba, na kosa la elfu moja ya sekunde ni sawa na mwendo wa mwanga wa takriban kilomita 300. Mtengenezaji mmoja akisahihisha kosa hilo kwenye umbali na kuliacha kwenye fezi, tarakimu zitasomeka vizuri kabisa na jibu litakuwa la uongo. RINEX ikaweka kanuni: masahihisho ya saa yakifanywa, yafanywe kwa vipimo vyote vitatu. Hata alama ya kujumlisha au kutoa ya fezi ilibidi ifafanuliwe, kwamba fezi iongezeke umbali unapoongezeka.

Watengenezaji hawakulazimika kufichua siri za fomati zao. Ilitosha kutoa kigeuzi cha kuzalisha faili la RINEX, na huenda ndiyo maana walikubali.

IGS, ambayo leo ni huduma ya kimataifa ya GNSS, yaani GPS na mifumo mingine ya setilaiti ya aina hiyo, ilipoanza rasmi mwaka 1994, data za vituo vyake zilisambazwa kwa fomati hiyo. Vituo vya Mbarara nchini Uganda, Malindi nchini Kenya na Kigali nchini Rwanda vimekuwa kwenye mtandao huo, hivyo mpimaji anaweza kuunganisha vipimo vyake na vyao bila kujali chapa ya mashine zao.

Umri nao ulidai chake. Mwaka wa tarakimu mbili ulihitaji kanuni ya ziada: 80 hadi 99 ni miaka ya 1980 hadi 1999, na 00 hadi 79 ni ya 2000 hadi 2079. Mawimbi mapya ya GPS, pamoja na setilaiti za Galileo, yalishinda misimbo ya herufi mbili iliyotambulisha vipimo, na toleo la tatu la mwaka 2007 likaleta ya herufi tatu. Toleo la nne lilitolewa mwaka 2021.

Data zinazotumwa papo hapo kutoka kipokezi cha msingi kwenda kile kinachotembea shambani hazipiti RINEX; hizo kwa kawaida hutumia ujumbe wa fomati nyingine, RTCM. Kimo cha antena kwenye kichwa cha faili, hata hivyo, mara nyingi bado huandikwa na aliyeshika utepe wa kupimia.